Mlango Ulioondolewa kwa Adabu

Mtu anayeiba mlango haweki skurubu zake kwenye kopo. Neno hilo lilikuwa limemkaa kooni Inspekta Bertille Mukalay tangu Alhamisi, na leo ilikuwa Jumamosi, saa mbili ya asubuhi, halijapanda wala halijashuka. Kopo lenyewe lilikuwa mezani pake, kopo tupu la maziwa ya unga, na ndani yake skurubu sita za bawaba, hakuna hata moja iliyopotea. Aliyeutoa mlango alizipangusa, akaziweka pamoja, akaliacha kopo dirishani ambapo mwenyeji angeliona kwanza. Wezi wa Kalemie Bertille amewafuata miaka kumi na tisa, wengine anawajua mpaka majina ya utani, na katika wote hao hakuna mwenye malezi ya namna ile.

Habari yenyewe mtu yeyote wa avenue Mapapai angekusimulia bila kuombwa. Jumatano walikwenda kumzika Papa Alphonse, yule mwimbaji wa sauti nene wa kwaya ya parokia. Na huku kwetu avenue ikifiwa, habaki mtu: wazee, wanyonyeshao, hata waliokuwa na ugomvi na marehemu, wote huenda makaburini, na parseli za watu, nyumba na ua, zinabaki na kuku. Waliporudi, mvua kubwa ikiwa imekwisha kunyesha, Mama Micheline, mjane anayepanga nyumba ya mwisho, ile iliyo kwenye ukingo wa korongo, alikuta nyumba yake haina mlango. Pale ulipokuwa pamening'inia kitenge. Redio ipo, sufuria zipo, godoro lipo. Ulikwenda mlango tu, wa mbao, wa rangi ya bluu.

Basi macho yote yakamgeukia Papa Évariste, fundi mstaafu wa reli, mwenye nyumba ile na jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mji huu mzima unajua bayeri, yaani mwenye nyumba, anavyomfukuza mpangaji. Haandiki barua, anatoa mlango, na mpangaji akipigwa siku mbili na upepo wa ziwa, anafunga mizigo mwenyewe. Tena wiki moja kabla, mbele ya avenue nzima, Papa Évariste alikuwa amemfokea Mama Micheline juu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, anazoanika uani. Alisema mashati yake yananuka samaki, kanisani watu wanasogea benchi la pili, na mwisho akatamka neno ambalo sasa kila mtu alilikumbuka: "Nitatosha huu mulango, uende ulale ku mwalo na ndagala zako." Na siku ya mazishi alirudi mapema kwa sababu ya goti lake bovu. Mama Yvette wa nyumba ya mkabala, aliyetangulia kurudi ili kuchochea moto wa chakula cha matanga, alimwona kwa macho yake mawili akiingia parseli ya mjane, na akitoka mbiombio mvua ilipoanza, kabla yeye mwenyewe hajakimbilia jiko la nyuma.

Alhamisi saa nane ya mchana Mama Micheline aliletwa kushitaki. Nasema aliletwa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na nusu ya avenue. Papa Évariste akawekwa ndani, na saa zikaanza kuhesabika, maana sheria inampa inspekta saa arobaini na nane: ama amwachie mtu, ama ampeleke parke mbele ya mwendesha mashtaka, na kutoka parke njia ni moja tu, ya gereza. Leo saa nane ndiyo mwisho. Kamanda Urbain alikuwa ameshasema jeep itaondoka saa hiyo hiyo, na yeye hataki kusikia tena habari za kopo.

"Mama Bertille," alimwambia, "muntu alisema atatosha mulango. Mulango ukatoka. Weye unatafuta nini tena?"

Bertille alikuwa na mzee wa miaka sabini na mmoja mwenye goti bovu, na alijua goti lile halitavumilia sakafu ya gereza hata mwezi mmoja. Akachukua daftari lake akaenda kumwona kwanza.

Papa Évariste alikuwa amekaa kwenye ubao, koti jeusi la matanga bado mwilini, mgongo umenyooka kama anasubiri treni ya Kabalo. Bertille alimwuliza kwa mara ya tatu alikwenda kufanya nini kwenye parseli ya Mama Micheline. Kwa mara ya tatu mzee akatazama ukuta.

"Andika chenye unataka, Mama Inspekta. Nilikaa na ule mwanamuke miaka munane, majirani. Kama yeye anasema niko mwizi, basi niko mwizi."

Alisema hivyo polepole, na Bertille alisikia kwamba lililomwuma mzee halikuwa kufungwa. Akamtazama vizuri. Kwenye mikono ya lile koti, juu ya viwiko, palikuwa na vitu vinavyong'aa, vidogo mno. Akakibandua kimoja kwa ukucha. Kilikuwa gamba la ndagala. Mzee akavuta mkono haraka na kukunja uso.

Pembeni ya ubao palikuwa na bakuli lililofunikwa kitambaa. Mahabusu wa hapa asiyeletewa chakula na nyumbani analala njaa, na mke wa Papa Évariste, Mama Blandine, alikuwa Kabalo kwa binti yake tangu mwanzo wa mwezi, habari hazijamfikia. Bertille akamwuliza Brigadia Jovial wa mapokezi nani analeta chakula. Jovial alisema haelewi. Kila siku anakuta bakuli kwenye ngazi, bado lina moto, na hajawahi kumwona aliyeliweka. Bertille akafunua kitambaa. Bukari, ugali wa huku, na ndagala za kukaanga zilizotolewa vichwa, zote, moja baada ya nyingine. Akaandika na hilo. Huyu mama huandika kila kitu, hata vya kipuuzi, na wenzake wamemcheka kwa hilo tangu alipoingia kazini.

Avenue Mapapai alikuta watu wote nje, maana Jumamosi asubuhi ni salongo: kila mwenye mikono yuko na jembe au ufagio, wanazibua mitaro na kuchoma takataka. Kazi ilisimama alipopita. Vijana wawili walimwuliza kwa nini bayeri mwingine asiyekuwa na huruma analindwa na serikali, naye akawaambia wazibue mtaro, maji hayangojei hukumu.

Mama Micheline alikuwa uani, hajashiriki salongo, amekaa kwenye kibao na macho yamevimba. Wanawe wanne walikuwa wamemzunguka. Bertille akasimama mbele ya ile nafasi tupu akaitazama kama anaiona mara ya kwanza. Kitenge kilikuwa kipya, cha maua ya njano, kimefungwa juu kwa kipande cha mpira mweusi. Akauliza nani alikitundika.

Mama Micheline alidhani ni Mama Yvette. Mama Yvette, aliyefika na ufagio wake kabla hajaitwa, akasema hapana, yeye alidhani ni mama wa kwaya. Mama wa kwaya akaitwa kutoka mtaroni. Naye alidhani ni shemeji yake Micheline. Wakaulizwa saba, na wote saba walikuwa wamemsifu moyoni jirani mwingine kwa huruma yake. Hakuna aliyekitundika.

"Basi ni yeye mwenyewe," Bertille akasema. "Mwenye alitosha mulango njo alifunga kitenge."

Mama Yvette akafungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo jirani zake watakwambia halitokei mara nyingi. Bayeri anayemfukuza mtu hamfungii pazia ili nyumba yake isibaki uchi. Bertille akaufungua ule mpira, ukanyooka mrefu: mpira uliokatwa kwenye tyubu ya ndani ya gurudumu, wa kufungia mizigo. Akautia mfukoni. Halafu akainama. Tope la Jumatano lilikuwa limekauka, na kati ya kizingiti na njia ya korongo palikuwa na nyayo za watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma, zimezama sana, hatua sawasawa. Hazikuelekea barabarani ambako gari lingepakia. Ziliteremka korongoni.

Alipoinuka aliona vikapu vitatu vya ndagala chini ya baraza, vimefunikwa gunia. Paka wa nyumba ile, dume nene linaloitwa Shefu, alikuwa amelala kando yavyo, na mbele yake sahani yenye vichwa vya ndagala, lundo zima. Bertille akavitazama vile vichwa kwa muda. Hakuna mtu Kalemie anayekaa kutoa vichwa vya ndagala. Zinaliwa nzima, tena kichwa ndicho kitamu.

"Mama Micheline, Jumatano ndagala zilikuwa wapi?"

"Ku neti, hapa uani. Nilizianika asubuhi mbele ya kwenda mazishi."

"Na mvua ilizinyeshea?"

"Hapana. Nilizikuta zikavu, ndani ya vikapu. Watoto waliziingiza."

Bertille akawageukia watoto. Walikuwa wapi Jumatano mchana? Mkubwa akajibu kwamba walikuwa makaburini na mama, wote wanne, hata yule mdogo. Mama Micheline akawatazama wanawe, kisha vikapu, kisha wanawe tena. Katika vurugu ya mlango hakuwa amejiuliza. Bertille akamwambia tu kwamba mwizi wa mlango anajua kufunga kitenge, hiyo ni ajabu ya kwanza. Lakini kuna mtu alisikia mvua inakuja akaanua vikapu vitatu vya ndagala peke yake, na mtu huyo koti lake limejaa magamba. Hakutaja jina. Mama Micheline alishika mdomo kwa mikono miwili, na Bertille akamwacha hapo.

Sasa alijua mzee alikwenda kufanya nini. Lakini kumjua aliyeanua ndagala si kumjua aliyechukua mlango, na Kamanda Urbain hangeizuia jeep kwa ajili ya magamba. Saa ilikuwa nne na nusu.

Alianzia kwa Papa Rubens, seremala wa pale sokoni anayeuza milango iliyokwisha kutumika, maana kama mlango umeibwa utapita kwake. Na kweli, alipofika tu aliuona: nyuma ya mbao, umeegemezwa ukutani, mlango wa bluu. Papa Rubens hakubabaika. Alimwambia autazame chini. Mlango wa Mama Micheline, alisema, una tundu la paka, limekatwa kwa msumeno mwembamba, mviringo safi. Anajua kwa sababu Papa Évariste aliazima msumeno ule kwake. Mzee alilalamika siku nzima kuhusu paka na ndagala na wanawake, huku akipima tundu lisije likamkwaruza Shefu mgongo. Huu wa sokoni ulikuwa mzima mpaka chini.

Bertille akacheka peke yake, kisha akampa kopo. Seremala akazimimina skurubu kiganjani, akaziinua kwenye mwanga moja moja.

"Huyu si fundi," akasema. "Fundi ana turnavis ya kuingia sawa. Ona, hii imeteleza, imekwaruza pembeni. Ni turnavis ndogo ya chini ya kiti cha pikipiki. Alikuwa na haraka, lakini hakutaka kuharibu."

Mpira wa kufungia mizigo, bisibisi ya pikipiki, watu wanne. Bertille hakuhitaji kuambiwa zaidi. Juu ya korongo, upande wa pili wa kilima, kuna kituo cha pikipiki za abiria, na madereva wake, wale tunaowaita wamotari, wanajua kila kitu cha mji huu kabla redio haijaamka.

Aliwakuta kumi na mbili, wamekaa juu ya pikipiki zao, wanabishana kuhusu mpira. Akamsalimia rais wao, Pascal, mwanaume wa miaka arobaini mwenye buti za mpira, akasema amekuja kurudisha kitu. Akautoa ule mpira mweusi akauning'iniza mbele yao. Ubishi ukakatika. Mmoja akajifanya anasafisha taa. Pascal akaupokea, akauzungusha kwenye vidole.

"Ulikuwa wangu," akasema. "Mama Inspekta, tulitaka kuurudisha ule mulango. Kweli ya Mungu. Kesho."

Akasimulia. Mmoja wao, Jean-Marie, kijana wa Fizi aliyehamia hapa na mkewe Syntiche, Jumatano alikuwa safarini na abiria njia ya Bendera. Uchungu ukamshika mkewe mchana, mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya; mkunga wa jirani akasema afikishwe sentre ya afya, ng'ambo ya korongo, sasa hivi. Walimpandisha kwenye pikipiki, wakafika korongoni, mvua ikawakuta, maji yamekula njia. Pikipiki haikupita. Walikuwa wanne. Wangembeba, lakini juu ya nini? Kipoyi cha kubebea wagonjwa hawakuwa nacho. Nyumba ya karibu ilikuwa ile ya mlango wa bluu. Walipiga hodi, wakapiga tena, wakazunguka nyumba za jirani wakipiga hodi, mvua inapiga mabati, hakuna hata mmoja aliyefungua.

"Nikasema, tutoshe mulango, lakini tutoshe muzuri. Syntiche mwenyewe, na uchungu ule, akatoa kitenge chake kipya. Akasema tusiache nyumba ya watu wazi namna hiyo."

Bertille alimwuliza kwa nini siku tatu zimepita. Pascal akajikuna shingo. Alhamisi asubuhi alikwenda kueleza. Alikuta umati mbele ya nyumba, wanasema aliyeutoa mlango akipatikana atautapika, na moyo wake ukarudi nyuma kabla ya miguu. Tena sentre haina kitanda, mgonjwa bado ameulalia. Wakakubaliana wangoje atoke. Halafu wakasikia kuna bayeri amekamatwa kwa kumtolea mjane mlango.

"Na mulisema nini?"

"Tulisema serikali imefanya vizuri," Pascal akajibu kwa sauti ndogo. "Mabayeri wanatutesa na sisi. Hatukufikiri ni mulango ule ule."

Hapo Bertille alitaka kukasirika akashindwa. Avenue nzima ilikuwa imeona nafasi tupu ikaona bayeri, na hata walioubeba mlango kwa mabega yao waliona bayeri. Akawaambia kwamba huyo bayeri ni mzee wa miaka sabini na mmoja, hajaugusa mlango, na saa nane atapelekwa parke. Pascal alikuwa ameshapiga pikipiki teke la kwanza kabla hajamaliza.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa mpaka ukumbini. Mama Consolate, muuguzi, aliwapeleka chumba cha mwisho, akiomba radhi njiani kwamba vitanda ni vitano na akina mama ni tisa. Kwenye kona, juu ya mabenchi mawili, ulikuwa umelazwa mlango wa bluu, juu yake godoro jembamba, na juu ya godoro Syntiche na mtoto. Chini, karibu na miguu ya mama, lilikuwepo tundu la mviringo, safi, la kupita paka mnene.

Jean-Marie alikuwa amekaa sakafuni, akasimama alipoona sare. Bertille akamwambia akae. Alipiga picha kwa simu, akaandika maelezo ya muuguzi: mgonjwa aliingia Jumatano saa tisa, amebebwa juu ya mlango, mtoto alitoka saa tisa na nusu, na kwa maneno ya Mama Consolate wangechelewa kidogo tu angeandika kitu kingine kwenye kitabu. Syntiche alisaini kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa na mtoto. Kisha akauliza jambo moja. Pembeni ya ubao, alisema, kuna mistari ya mkaa, mmoja juu ya mwingine, na majina. Ni watoto wa nyumba hiyo?

Bertille akainama kuona. Ni kweli, Mama Micheline alikuwa akiwapima wanawe pale. Mstari wa chini kabisa ulikuwa wa yule mdogo, na mwandiko wa majina yote ulikuwa mmoja, herufi kubwa zilizonyooka, kama za kwenye mabehewa. Aliujua mwandiko ule. Ulikuwa kwenye karatasi ya mahabusu, chini ya neno "nimekataa kujibu".

"Ni watoto wa pale," akasema, akaupiga picha na mwandiko.

Mama Consolate akamhamishia Syntiche kwenye kitanda kilichoachwa saa ile ile. Wamotari wanne wakauinua mlango.

Bertille alitangulia kwa pikipiki. Alipofika biro ya polisi ilikuwa saa nane kasoro robo, jeep imewashwa, na Papa Évariste yuko uani na Jovial amemshika mkono, amwongoze si amlinde, kwa sababu ya goti. Na mbele ya jeep, katikati kabisa, alikuwa amesimama Mama Micheline na bakuli kichwani. Dereva alikuwa amepiga honi mara mbili. Hakusogea.

"Nimekuja kufuta mashitaka," alikuwa akimwambia Kamanda Urbain. Kamanda alijibu kwamba mashitaka si meza, hayafutwi kwa kitambaa. Je, mlango umepatikana? Hapana, mlango haujapatikana. Basi amejuaje kwamba si yeye? Mama Micheline alisema hajui nani ameuchukua mlango, wala hana haja tena ya kujua, lakini mtu aliyeanua ndagala zake hawezi kumtolea mlango siku hiyo hiyo.

Kamanda akamtazama Bertille, na Bertille akaelekeza barabarani. Walikuwa wanakuja, wawili mbele na wawili nyuma, hatua sawasawa, mlango wa bluu mabegani. Nyuma yao, salongo ikiwa imekwisha, ilikuwa inakuja avenue Mapapai na majembe yake, na Mama Yvette mbele akieleza jambo ambalo hakuliona.

Maelezo hayakuchukua muda. Kamanda alisoma karatasi za Bertille akiwa amesimama, akatazama picha ya mtoto kwenye simu muda mrefu kuliko karatasi, kisha akamwambia dereva azime gari, mafuta hayaokotwi. Vijana wawili wa asubuhi walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao.

Mama Micheline alishusha bakuli akaenda mpaka mbele ya mzee. Wote waliokuwepo walitamani kuwa mahali pengine lakini hakuna aliyeondoka.

"Papa Évariste, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kama nilikuwa ninakimbia na ndagala zako, mimi, na koti ya matanga?" Akakunja uso. "Mvua haikuuliza kama tumegombana. Na avenue ingenicheka mupaka nife."

"Nilikukosea, Papa. Nilikukosea vibaya."

Mzee akatazama ziwa, akatazama jeep. Bertille alikuwa na fomu ya kuachiliwa mkononi, na mahali pamoja palikuwa bado patupu katika daftari lake, kwa hiyo akauliza, kwa kazi tu, kama mahabusu alijua ni nani aliyekuwa akimletea chakula siku mbili zote.

"Nilijua tangu bakuli ya kwanza," Papa Évariste akasema. "Mimi sikulake vichwa vya ndagala, vinanichoma koo tangu nikiwa kijana. Ni watu wawili tu wanajua hivyo, na mumoja yuko Kabalo." Akamgeukia Mama Micheline, na sauti yake ikawa ndogo. "Muntu mwenye anaamini kabisa uko mwizi, hakai chini kukutoshea vichwa, moja moja. Nikasema, ninyamaze. Atakuja mwenyewe."

Mama Micheline akalia, na safari hii hakuna aliyemsukuma. Mzee akamwacha alie kidogo, akisaini fomu kwa zile herufi zake zilizonyooka. Kisha akanyoosha mkono kwa Bertille kuomba kopo, akalitikisa karibu na sikio, akasikiliza.

"Sita," akasema. "Twende, mbele ya mvua kuja."